Mchakamchaka Kabla ya Mtihani

Ukisoma habari za mbio na Mbulu utakutana na medali. Utasimuliwa goti la John Stephen Akhwari kule Mexico City, utasimuliwa rekodi ya dunia ya Filbert Bayi, na utaambiwa kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi ndiyo maana watoto wana pumzi. Mimi nimekulia Endagikot, hapahapa Mbulu, na nimefundisha historia sekondari maisha yangu yote ya kazi, na naona sehemu kubwa ya historia ya mbio katika nchi hii ya Wairaqw imeachwa nje. Ni ya wale ambao hawakushinda chochote: watoto wa shule waliokimbia kwa mstari kila asubuhi, wakiimba, kisha wakaingia darasani mioyo imetulia. Mchakamchaka ndio uliotuliza hofu yangu nilipokuwa mwanafunzi. Naamini uliwatuliza wengi wa rika langu, ingawa hakuna aliyetuambia kwamba tunatibiwa.

Baba yangu mkubwa alisoma shule ya kati miaka ya 1950, darasa la tano mpaka la nane, zama za Mwingereza. Alinisimulia kwamba alfajiri walitolewa bwenini kwa filimbi kwenda kufanya drili: kunyoosha mikono, kuruka, kukimbia kuzunguka kiwanja, mbele yao mwalimu aliyewahi kuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni. Nyimbo hazikuwepo. Mkoloni alitaka kijana mkakamavu na mtiifu, karani au tarishi wa kesho, na drili ilikuwa sehemu ya kumtengeneza. Hata hivyo mzee hakuizungumzia kwa chuki. Alisema ilikuwa saa pekee ya siku ambayo mtihani wa darasa la nane ulimtoka kichwani, kwa sababu mtu anayehema hawezi kuhesabu siku zilizobaki. Nilimwuliza kama walimu waliwaeleza hivyo. Akasema walimu walieleza habari ya mgongo kunyooka, basi.

Nyimbo zilikuja na Uhuru, na zilipitia kambini. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 10, 1963. Vijana wake walilima na kujenga, na kabla ya jua walikimbia kwa kikosi, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wasomi nao wapite humo kwa lazima. Oktoba 22 mwaka ule wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, akakata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya siasa yake. Mimi hukitaja darasani kwa ajili ya kilichofuata: mwaka baada ya mwaka vijana waliosoma, walimu wapya wakiwemo, walitoka makambini na mchakamchaka miguuni, wakapangiwa shule za vijijini. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, vyote vya 1967, vikawapa uwanja. Shule ikawa na shamba, na mifugo, na usafi, na mbio za asubuhi, na mzazi hakuona ajabu yoyote.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1976. Tulitoka nyumbani kungali giza, ukungu umelala mabondeni, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya kwetu inakata masikio. Wengi tulikwenda pekupeku. Wenye bahati walivaa katambuga za matairi. Ukifika unafagia eneo lako, halafu mwalimu wa zamu anagonga ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini na sote tunapanga mistari. Wadogo walikaa mbele, wakubwa nyuma. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba mpango huo ulikuwa na akili nyingi: mwendo uliwekwa na mtoto wa darasa la pili, kwa hiyo hakuna aliyeachwa, na kwa kuwa hakuna aliyeachwa hakuna aliyeshinda. Tulishuka barabara ya kuelekea Mbulu mjini, tukageuza bondeni, tukapanda kurudi. Mlima ule wa kurudi ulitosha kumjulisha mtu kwamba ana mapafu.

Na tuliimba. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978 nyimbo zilimgeukia Idi Amin, tukamzika kwa sauti za kitoto muda mrefu kabla hajakimbia Kampala. Mwanzishaji alikuwa kiranja wa darasa la saba, mvulana mwenye sauti nzito ambaye darasani alikuwa na kigugumizi. Katika mchakamchaka hakugugumia hata neno moja. Wimbo unapanga pumzi: unavuta hewa mwenzako anapoanzisha, unaitoa unapoitikia, hatua na sauti vinakwenda pamoja. Makocha wa leo wanawaambia watu kwamba mwendo unaofaa afya ni ule unaoweza kuzungumza ukiwa ndani yake. Sisi kipimo chetu kilikuwa kuitikia; ukishindwa kuitikia, mwalimu anapunguza mwendo wa kikosi kizima.

Sasa niseme hofu ilitoka wapi, maana bila hofu hiyo historia hii haina uzito. Shule katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, zilijengwa kama ngazi yenye milango myembamba. Wakati wa baba mkubwa ulikuwepo mtihani wa darasa la nne uliowatoa wengi, kisha wa darasa la nane uliowatoa karibu wote waliobaki. Wakati wetu mlango ulikuwa darasa la saba, na tangu sheria ya 1973 mtihani ulikuwa mikononi mwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 ulijaza madarasa, jambo jema kabisa, lakini sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Watoto walioingia kwa mamia waligombea nafasi chache mno. Aliyeshindwa alirudi kwenye jembe na ng'ombe. Akiwa msichana, mazungumzo ya mahari yalianza kabla majibu hayajabandikwa ubaoni.

Kwa hiyo tuliumwa matumbo. Walikuwepo waliotapika asubuhi, waliolowanisha karatasi kwa jasho la viganja, walioamka usiku moyo ukienda mbio kama walioona chui. Nyumba moja walisema mtoto karogwa, nyumba nyingine walimpeleka kwa padri kuombewa, nyingine walimchapa ili aache uvivu. Bibi yangu, tuliyemwita aama kwa Kiiraqw, alinipa kazi. Alinituma kisimani na ndoo mara nilipoanza kukaa kimya pembeni, na nikirudi alinituma tena. Sikuwahi kumsikia akitoa sababu.

Nilifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982. Wiki ile mchakamchaka ulisimamishwa ili tuhifadhi nguvu, na wazazi walifurahi kwa huruma hiyo. Siku ya kwanza nilitembea polepole mpaka shuleni kama nilivyoagizwa, nikakaa, na mkono wa kulia ukaanza kutetemeka hata kuandika namba yangu ikawa kazi. Maswali ya hesabu niliyoyajua yaliruka ukurasani. Siku ya pili niliondoka nyumbani mapema, nikapita njia ndefu ya bondeni, na nilipofika kwenye mteremko nikaanza kukimbia peke yangu, nikiimba kwa chini ule wimbo wetu wa kila siku. Nilifika nimelowa jasho, sare ina vumbi, mwalimu akanitazama vibaya. Nikakaa. Mkono ulitulia. Nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mkoa mwingine, na kule nako nilikuwa naamka kabla ya kengele kuzunguka uwanja wa netiboli wenzangu wakiwa wanakariri kwa mwanga wa kibatari.

Medali zilikuwa zimeshaanza kubadilisha mambo wakati huo, na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa Mbulu huenda wasilipende. Akhwari, mzaliwa wa Mbulu wa mwaka 1938, alimaliza marathoni ya Olimpiki Oktoba 20, 1968, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, goti limefungwa bandeji, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia ilimpenda kwa kuchechemea kwake. Watu husahau kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05. Bayi ni mtoto wa Karatu, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Februari 2, 1974 mjini Christchurch aliongoza mbele tangu mlio wa bastola mpaka utepe na kuweka rekodi ya mita 1,500 ya 3:32.2. Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, kisha mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Ni fahari isiyo na kifani kwa nchi ya wakulima wa mahindi na vitunguu saumu. Na bado haijakatika: Gabriel Geay wa kwetu alikuwa wa pili Boston mwaka 2023, mbele ya Eliud Kipchoge.

Lakini shuleni fahari hiyo ilizaa desturi ya kuchuja. Mwalimu wa michezo alianza kutafuta wa kupeleka wilayani, mkoani, na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wenye kasi wakapewa raba na muda wa mazoezi. Waliobaki wakapewa nafasi ya kushangilia. Kidogo kidogo mbio zikawa mali ya wachache, na yule msichana mzito, au mvulana mwenye kifua kinachobana, akaambiwa kwa vitendo kwamba hazimhusu. Yeye ndiye aliyezihitaji zaidi wiki ya mtihani. Mchakamchaka wa wadogo mbele na mashindano ya wilaya vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa, na tuliviacha vichanganywe.

Mengine yalifuata. Mwaka 1994 JKT ya lazima ilisitishwa kwa ukosefu wa fedha, na walimu wapya wakaanza kuja bila nyimbo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zilijengwa kila mahali, na ninawashukuru waliozijenga, kwa sababu wasichana wa Mbulu wasingesoma bila hizo. Hofu ikapanda nazo daraja: sasa ni kidato cha pili na cha nne. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakapangwa upya, lakini mshtuko ulibaki. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa kwa nafasi nchi nzima. Mkuu wa shule aliyeogopa kuwa mkiani alitazama ratiba, akaona nusu saa ya asubuhi inayopotea kwa kukimbia, akaweka kipindi cha ziada. Alifanya hivyo kwa nia njema. Nimekaa kwenye vikao hivyo, najua jinsi mwalimu anavyokosa usingizi kwa ajili ya wastani wa shule.

Kilichoniumiza zaidi ni kingine. Shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, ilibakiza mbio kama adhabu tu. Umechelewa, zunguka uwanja. Umeongea Kiiraqw, zunguka uwanja. Kizazi kizima cha watoto wa nchi ya Akhwari kilijifunza kwamba kukimbia ni kitu wanachofanyiwa wakosaji mbele ya wenzao.

Nilihamishiwa karibu na nyumbani mwaka 2007, na miaka michache baadaye nilikuwa na msichana wa kidato cha nne aliyejua historia kuliko darasa zima. Ukimwuliza habari za vita vya Majimaji anakueleza mpaka majina ya mito. Mtihani wa moko alirudisha karatasi nyeupe. Alisema herufi zilikuwa zinacheza, kifua kinabana, anaona anakufa. Nilimwambia aje kwangu kesho kabla ya jua kuchomoza, na aje na wenzake wawili asitembee gizani peke yake. Nilivaa trakisuti, nikajifunga kanga juu yake kwa ajili ya heshima ya barabarani, tukaenda. Taratibu, mwendo wa kuitikia. Mwanzoni alisimama kila mara kwa sababu moyo ukianza kupiga alidhani ile hali imerudi. Hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe. Moyo wa hofu na moyo wa mlima hupiga namna ileile, viganja hulowa vilevile, pumzi hufupika vilevile. Ukiupanda mlima kila asubuhi na kila asubuhi usife, mwili unazoea ngoma hiyo na kuacha kuiita hatari. Siku ya pepa inapoanza kupiga, unaijua.

Kabla ya mwezi kwisha alikuwa analala usiku kucha, na mimi nilihesabu usingizi huo kuwa ushindi. Sidai kwamba mbio zilimpa alama. Alizipata kwa akili yake, divisheni ya tatu, na leo ni muuguzi. Na wapo ambao mbio hazikuwatosha. Mmoja aliacha kula, akaanza kusema kwamba dunia ingekuwa nafuu bila yeye. Huyo hatukumwambia akimbie, tulimpeleka hospitali siku ileile, na mwalimu yeyote anayesoma hapa afanye hivyo.

Wanasayansi walifika nilipofika mimi, kwa njia yao. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwagawa watu wazima 156 wenye sonona: wengine dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliomeza dawa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Ila utafiti ninaoupenda zaidi ulifanyika huku kwetu. David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao waliwavalisha Wahadzabe vipimo vya mapigo ya moyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa siku wanatumia zaidi ya saa mbili katika mwendo wa kuufanya moyo ufanye kazi. Wahadzabe wa Yaeda Chini ni majirani zetu, wilaya ileile ya Mbulu. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba mwili huu uliumbwa kwa maisha ya namna hiyo, na sisi tunauketisha kwenye dawati kuanzia alfajiri mpaka prepu ya usiku, kisha tunashangaa unapotetemeka.

Mwaka jana niliomba nafasi kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya msingi hapa kijijini. Niliomba mchakamchaka urudi, asubuhi tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja. Baba mmoja alisimama akasema kwa heshima, "Shikamoo mwalimu, lakini mwanangu anahitaji hesabu, hahitaji jasho." Nikamweleza habari za mkono wangu wa mwaka 1982. Mama mwingine aliuliza kuhusu wasichana na giza, tukakubaliana kwamba hakuna kuanza kabla watu hawajaonana nyuso. Swali gumu lilitoka kwa mwalimu mkuu: watoto wengi wanakuja bila kula, je, tuwakimbize na njaa? Alikuwa na haki kabisa. Mjadala ukahama kwenye uji, ukakaa huko muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote za mkutano.

Mwishowe iliandikwa hivi. Kila kaya itoe sado moja ya mahindi kwa muhula, na asiye nayo alete kuni. Wadogo wakae mbele. Hakuna kupanga nafasi, na hakuna mtoto atakayekimbizwa kama adhabu. Mwalimu mkuu alitaka kuongeza kwamba darasa la saba wapumzishwe wiki ya mtihani, nikasimama tena. Tulibishana kwa adabu mpaka akafuta mstari huo. Wiki ya mtihani wanakimbia kama kawaida, uji unakuwa tayari saa moja, na saa mbili wanaingia chumba cha mtihani.